Kabla hujamwambia mgonjwa "waza unasogeza mkono"

Mara ya kwanza kuwekewa koili ya sumaku kichwani nilikuwa mwanafunzi, nimejitolea kupimwa katika jaribio la mwenzangu. Niliambiwa niegemee kiti, mkono wa kulia niulaze juu ya mto, nisifanye lolote. Elektrodi mbili za kunasa umeme wa msuli zilikuwa zimebandikwa kwenye msuli mdogo ulio kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Koili ikalia "ta!" upande wa kushoto wa kichwa changu, na kidole cha shahada kikaruka bila mimi kukiamuru. Kwenye skrini likatokea wimbi dogo, kama kilima. Baada ya mara kumi hivi mwenzangu akasema: "Sasa waza umekibana kifungo cha shati kwa vidole hivyo viwili. Usibane kweli. Waza tu."

Nguvu ya sumaku haikuongezwa hata chembe. Lakini wimbi lililotokea safari hii lilikaribia kuwa mara mbili ya lile la kwanza. Nikatazama kidole changu: kimelala palepale.

Miaka mingi imepita, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeitumia kuwafanyisha mazoezi watu waliopata kiharusi. Bado naanza na wimbi lile kila ninapopokea wenzetu wapya kazini. Wengi huja wakiamini moja kati ya mambo mawili: ama kuwaza mwendo ni maneno ya kumtia mgonjwa moyo, ama ni dawa ya ajabu inayorudisha mkono uliopooza bila jasho. Nimeona imani zote mbili zikimpotezea mgonjwa muda ambao hana wa kupoteza.

Tuanze na sehemu ya ubongo inayoamuru mwendo. Pitisha kidole kichwani kutoka juu ya sikio moja, kipite utosini, kishuke hadi juu ya sikio la pili. Chini ya mfupa, karibu na mstari huo, limelala gamba la mwendo, ukanda mwembamba wa tabaka la nje la ubongo. Upande wa kushoto huendesha mkono wa kulia, na wa kulia huendesha wa kushoto. Mwaka 1870 Wajerumani wawili, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig, walipitisha umeme hafifu kwenye sehemu hiyo ya ubongo wa mbwa, na viungo vya upande wa pili vikatikisika. Baadaye Wilder Penfield, daktari mpasuaji wa Montreal, alichora ramani yake kwa wagonjwa aliowapasua wakiwa macho: mguu uko karibu na utosi, mkono uko pembeni, uso chini zaidi, na vidole na midomo vimepewa nafasi kubwa kuliko kiwiliwili chote. Njia ya kuliamsha gamba hilo kwa mtu mwenye afya, bila kidonda na bila maumivu makubwa, ilipatikana 1985, pale Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walipotumia sumaku inayowaka na kuzima haraka juu ya kichwa.

Ili ulielewe wimbi lile, chukua mtungi wa maji. Ukiwa nusu, tone moja haliwezi kuumwaga. Ukijaa hadi mdomoni, tone lilelile litafurika. Sumaku ndiyo tone. Kuwaza mwendo hujaza mtungi: seli za neva za gamba hupanda hadi karibu na kiwango cha kutoa amri, lakini hazikifikii, na ubongo wenyewe huizuia amri isishuke kwenye uti wa mgongo. Ndiyo maana mkono unatulia huku njia nzima kutoka ubongoni hadi kwenye msuli imekaa tayari. Na mtungi unaojaa ni wa msuli unaouwaza, si wa mwili mzima. Ukiwaza kukunja kidole, misuli ya kukunja ndiyo inayoitika zaidi, na ile ya kunyoosha haipandi vivyo hivyo.

Hapa niweke angalizo, kwa sababu nimesikia walimu wakilipita haraka. Usimwambie mtu kwamba ukiwaza mwendo gamba la mwendo huwaka sawasawa na unapotenda. Kwenye picha za MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya ubongo, sehemu zinazojitokeza kwa uthabiti wakati wa kuwaza ni zile za kupanga mwendo zilizo mbele ya gamba hilo, eneo la ziada la mwendo lililo katikati ya kichwa, na pande za juu nyuma yake zinazohesabu mwili uko wapi. Gamba la mwendo lenyewe katika picha hizo hujitokeza katika majaribio mengine na mengine halionekani. Koili ya sumaku ndiyo inayotuonyesha kwamba limeguswa, kwa sababu inapima utayari wake. Lile eneo la ziada lina historia yake ya kusisimua. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake walimwomba mwanamke aliyeumia katika ajali ya barabarani, ambaye kwa macho ya madaktari hakuwa na fahamu yoyote, awaze anacheza tenisi. Eneo lile likaamka kama la mtu mwenye afya. Alikuwa anasikia. Kila ninapoingia chumba cha mgonjwa asiyeitika, nakumbuka picha ile, na sizungumzi juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo.

Sasa nije kwenye kosa langu kubwa, ambalo ninawaona wenzetu wapya wakilirudia karibu wote.

Nilikuwa na mama mmoja, umri wa kuweza kunizaa, kiharusi kimempiga upande wa kulia. Kila siku baada ya mazoezi nilimwambia: "Mama, funga macho, waza unainua kikombe hadi mdomoni, mara ishirini." Akafunga macho, midomo ikahesabu, akafungua. Wiki mbili. Sikuona badiliko lolote, na nilianza kujiambia kwamba kwake njia hii haifanyi kazi. Siku moja, kwa kutaka tu kuongea naye, nikamuuliza: "Ukifumba macho unaona nini hasa?" Akajibu bila kusita: "Namwona mtu amekaa kwenye kiti ameshika kikombe. Mimi niko mlangoni, mwanangu, namwangalia."

Wiki mbili nzima alikuwa anatazama picha ya mtu. Hakuwa ndani ya mkono ule hata mara moja, na mimi sikuwa nimemuuliza.

Kuna kuwaza kwa kuona na kuna kuwaza kwa kuhisi. Kuona ni kuutazama mwendo akilini kama picha, wako au wa mwingine. Kuhisi ni kuwa ndani ya kiungo: uzito, mvutano wa msuli, ngozi inayogusa kitu, kiwiko kinachojikunja. Cathy Stinear na wenzake walipima jambo hili kwa sumaku mwaka 2006 wakaona kwamba kuwaza kwa kuhisi ndiko kulikopandisha utayari wa njia ya kwenda kwenye msuli. Kuwaza kwa kuona tu hakukufanya hivyo. Mtu asiyefundishwa, ukimwambia "waza", mara nyingi atachagua kuona, kwa sababu ndiko kunakomjia kirahisi.

Kwa hiyo usimwamuru mtu awaze. Muulize maswali ambayo hawezi kuyajibu mpaka awe ameingia ndani ya mkono. Na yule mama nilianza upya hivi. Nilimpa kikombe halisi chenye maji ya uvuguvugu kwenye mkono wake mzima, akakishika macho yakiwa yamefumbwa. Kidole gani kimegusa kwanza? Joto unalisikia kiganjani au kwenye ncha za vidole? Ukiinua, uzito unauhisi wapi, kwenye kifundo au begani? Karibu na mdomo, nini kinakaza? Alijibu polepole, na baadhi ya majibu yalinishangaza: alisema kidole cha mwisho ndicho kinachokifanya kikombe kisiyumbe, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Ndipo tukakiweka kikombe pembeni, na nikamwomba auhisi mwendo uleule kwenye mkono wa pili, kwa mpangilio uleule wa majibu yake. Mara tano tu. Alipomaliza alikuwa na jasho kwenye paji la uso. Zile ishirini za zamani hazikuwahi kumchosha.

Utajuaje kama anawaza kweli? Huwezi kuingia kichwani mwake, lakini una saa. Jean Decety na wenzake walionyesha mwaka 1989 kwamba mtu akiwaza anatembea umbali fulani, muda wa kuwaza hukaribiana sana na muda wa kutembea kweli. Mwendo unaowazwa sawasawa haurukwi. Hupitiwa hatua kwa hatua. Basi mwambie aseme "naanza" na "nimefika", na wewe pima. Ikiwa kuinua kikombe kwa mkono mzima kunachukua sekunde sita na kuwaza kunamchukua mbili, ameruka safari, ameona mwanzo na mwisho tu. Mwombe arudie bila kumlaumu.

Saa hiyohiyo itakuambia na jambo jingine. Mgonjwa wa Parkinson, ambaye mwendo wake umekuwa wa polepole, huwaza polepole pia. Angela Sirigu na wenzake mwaka 1996 waliona kwamba mgonjwa aliyeumia gamba la mwendo bado aliweza kukadiria kwa kuwaza muda ambao mkono wake mzito ungechukua, lakini walioumia sehemu ya juu nyuma ya gamba hilo walishindwa kukadiria. Kwa hiyo, ukikuta mtu ambaye muda wake haukai sawa hata baada ya siku kadhaa za kumfundisha kwa subira, usimwite mvivu. Angalia kidonda cha ubongo wake kiko wapi, na pengine uiache njia hii utafute nyingine.

Pia weka vidole vyako kwenye kigasha chake wakati anawaza. Wengi hukaza msuli kidogo bila kujua. Maabarani, kila kipimo ambacho msuli umekaza kabla ya sumaku kilitupwa, kwa sababu hujui tena unapima fikra au mkazo. Kwa mgonjwa si dhambi, na mkono uliopooza ukianza kukaza hiyo ni habari njema kabisa ya kuandika kwenye faili, lakini lazima ujue ni lipi kati ya hayo mawili unalolifanyia kazi. Mkao nao una maana: mkono ukiwa umewekwa kama ule unaowazwa, kiganja kikiangalia palepale, msuli huitika vizuri zaidi kuliko ukiwa umegeuzwa kinyume. Usimwombe mtu awaze anashika kikombe huku umemwacha ameukalia mkono.

Kuutazama kwa macho mwendo wa mtu mwingine nako kuna kazi yake. Mwaka 1954 Henri Gastaut na mwenzake Bert, Ufaransa, waliwaonyesha watu filamu huku wakirekodi mawimbi ya ubongo wao. Kuna mdundo wa ubongo, kati ya mara 8 na 13 kwa sekunde hivi, ambao husikika juu ya eneo la mwendo mtu akiwa ametulia na hupotea akisogea. Walipotokea mabondia kwenye filamu, mdundo ule ulififia kwa watazamaji waliokaa kimya kwenye viti. Miaka ya 1990 watafiti wa Parma, Italia, wakiongozwa na Giacomo Rizzolatti, walikuta kwenye ubongo wa nyani seli zilizofyatuka nyani aliposhika kitu na pia alipomwona mtu akikishika, zile wanazoziita seli za kioo. Mwaka 1995 Luciano Fadiga na wenzake wa hukohuko walitumia sumaku kwa binadamu: mtu alipotazama mkono ukishika kitu, misuli yake mwenyewe ya mkono ikaitika kwa nguvu zaidi, na misuli iliyoitika ilikuwa ileile ambayo angeitumia kushika.

Seli za kioo zimebebeshwa mizigo mingi mno tangu wakati huo, kuanzia huruma hadi asili ya lugha. Ushauri wangu ni kwamba usimfundishe mgonjwa wala mwanafunzi wako hayo. Lililopimwa linatutosha: kutazama kunaiandaa njia ya mwendo kwa yule anayetazama.

Lakini si kila mtazamaji huandaliwa sawa, na hapa ndipo pana utamu. Beatriz Calvo-Merino na wenzake, London, mwaka 2005 waliwaonyesha wanadansi wa baleti na wachezaji wa kapoeira, mchezo wa Kibrazili unaochanganya mapigano na dansi, video za michezo yote miwili. Maeneo ya mwendo ya kila mmoja yaliamka zaidi kwa mchezo wake. Mtu angeweza kusema ni kwa sababu wameuona mara nyingi zaidi. Mwaka uliofuata wakajibu hoja hiyo kwa ustadi ninaouheshimu sana: baleti ina hatua za wanaume na hatua za wanawake, na kwa kuwa hufanya mazoezi pamoja kila mmoja ameziona zote, lakini mwili wake umezicheza za upande wake tu. Ubongo ulizifuata zile ambazo mwili ulikuwa umezicheza. Salvatore Aglioti na wenzake waliona jambo la jamaa na hilo mwaka 2008 kwa wachezaji mahiri wa mpira wa kikapu: walitambua mapema kuliko makocha na waandishi wa michezo kama mpira utaingia, wakisoma mwili wa mrushaji hata kabla mpira haujaachwa.

Kwa hiyo usiniletee mgonjwa video ya mwanariadha. Mletee mwendo ambao mwili wake umeufanya maelfu ya mara. Fundi cherehani muonyeshe kitambaa kikisukumwa chini ya sindano. Piga video kutoka mahali macho yake yangekuwa, mkono ukitokea chini ya picha kama unavyotokea wake, na mwombe autazame kwa nia ya kuufuata. Mwambie auhisi mkono wake ukienda pamoja na ule wa kwenye video, wakati huohuo. Kutazama na kuhisi kwa pamoja huamsha njia ya mwendo zaidi ya kutazama peke yake, na kwa mtu anayeshindwa kuwaza macho yakiwa yamefumbwa video humpa kitu cha kushikilia.

Je, utayari huo unabaki, au unazimika na sumaku? Alvaro Pascual-Leone na wenzake, mwaka 1995, waliwafundisha watu wasiojua piano zoezi la vidole vitano, saa mbili kila siku kwa siku tano. Kundi moja lilipiga, jingine lilikaa mbele ya piano likiwaza bila kugusa. Ramani ya misuli ya vidole kwenye gamba la mwendo ilipanuka kwa makundi yote mawili. Waliowaza walifika siku ya tano wakiwa na ustadi wa waliopiga kwa siku tatu, kisha walipopewa kipindi kimoja tu cha saa mbili cha kupiga kweli, wakawafikia wenzao. Ninaposoma matokeo hayo, macho yangu hukaa kwenye kile kipindi kimoja.

Nguvu nazo huguswa. Guang Yue na Kelly Cole mwaka 1992 walikuta kwamba wiki nne za kuwaza unakaza msuli wa kidole cha mwisho zilipandisha nguvu kwa asilimia 22, na waliokaza kweli walipata 30. Msuli haukuwa umenenepa. Amri ndiyo iliyokuwa imeimarika. Brian Clark na wenzake mwaka 2014 waliwafunga plasta ngumu watu wenye afya kwenye kifundo cha mkono kwa wiki nne. Waliokaa tu walipoteza karibu asilimia 45 ya nguvu. Waliowaza wanakaza mkono ndani ya plasta walipoteza karibu 24. Mgonjwa wako aliyevunjika mkono anaweza kuanza mazoezi ya kuwaza siku anayofungwa plasta, na ni watu wachache mno wanaoambiwa hivyo.

Halafu kuna utafiti ambao kila anayeanza lazima aujue, hasa akiwa amefurahishwa na hayo yote. Mwaka 2011 Magdalena Ietswaart na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 121 wa kiharusi. Waliofundishwa kuwaza kwa wiki nne, bila kuunganisha na mazoezi ya mwili ya mwendo uleule, hawakuwazidi wengine. Kabla ya hapo, 2007, Stephen Page na wenzake walikuwa wameona maendeleo mazuri kwa wagonjwa 32 waliowaza mwendo uleule waliokuwa wakiufanyia mazoezi. Nilipousoma ule wa 2011 niliumia, maana nilikuwa nimewaahidi watu mengi. Tangu hapo siagizi kuwaza pekee kama kuna hata ncha ya kidole inayoweza kusogea. Tunawaza mara chache, kisha mkono unajaribu papo hapo, mtungi ukiwa bado umejaa. Vipindi vyangu vya kuwaza havizidi robo saa, na mgonjwa akichoka tunasimama, kwa sababu aliyechoka hurudi mlangoni kutazama.

Mwisho, andika. Muda wa kuwaza, muda wa mkono mzima, msuli uliokaza au kutokaza, na maneno ya mgonjwa kama alivyoyatamka, usiyageuze kuwa ya kitaalamu. Kwenye faili la yule mama, siku ya nane tangu tuanze upya, nimeandika alichoniambia alipofumbua macho: "Leo kikombe kimekuwa kizito." Chini yake kuna namba mbili, sekunde 7 kwa kuwaza na 8 kwa mkono mzima, halafu mstari mmoja: kidole cha mwisho kimekaza, tumeweka kikombe mezani, tumeanza kuinua.